Madereva wetu waachwe walale

(Haya ni maneno niliyoongea na madereva wa mabasi, malori na bodaboda hapa Morogoro. Baadhi yenu mliniomba niyaandike ili muwatumie wenzenu walioko njiani, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, pale honi zilipozidi nimerudia vizuri zaidi.)

Habari za asubuhi wazee wangu, kaka zangu, wadogo zangu wa bodaboda, na nyie mama zangu mlioacha biashara mkaja kusikiliza, na shikamooni wote mnaostahili. Mimi ni muuguzi, wengi mnaniita sista, nimefanya kazi upande wa dharura miaka mingi kando ya hii barabara, kwahiyo kuna watu humu tunajuana kwa sababu ambazo sio nzuri. Sikuja kuwagombeza. Mmeshagombezwa vya kutosha na trafiki, na abiria, na tajiri mwenye gari. Nimekuja kuongea habari ya usingizi, na kilichonifanya niombe hii nafasi ni hiki: ajali ikitokea alfajiri watu wanauliza spidi, wanauliza breki, wanauliza tairi, wanauliza kama dereva alikunywa, ila swali la "huyu mtu mara ya mwisho alilala lini na alilala masaa mangapi" nimelisikia mara chache sana. Pombe ina kipimo, unapuliza inaonekana. Usingizi hauna kifaa cha kupuliza, na dereva mwenyewe akipona anaona aibu kusema nilisinzia, atasema alikwepa mnyama, atasema usukani uligoma. Basi lile swali halijibiwi na wiki ijayo mwingine anapangiwa ratiba ileile.

Mnajua kwamba pombe na usingizi vimeshawekwa kwenye mizani moja vikapimwa? Mwaka 1997 kule Australia watafiti wawili, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichukua watu wakawakesha huku wakiwapima jinsi mkono na jicho vinavyofanya kazi pamoja, alafu siku nyingine watu walewale wakanyweshwa pombe kidogokidogo wakapimwa kwa kipimo kilekile. Wakakuta mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na kiwango hicho nchi nyingi tayari zinakukamata. Akifika masaa 24 bila kulala anakuwa kama mwenye 0.10, na Uingereza kwa mfano mwisho kisheria ni 0.08. Sasa pigeni hesabu ya kwenu. Umeamka saa kumi usiku ili uwahi gari la saa kumi na mbili asubuhi, ukiongeza masaa 17 unafika saa tatu usiku. Kama saa tatu usiku bado uko kwenye usukani, wewe ambaye hujawahi kuonja bia maisha yako yote, wewe mlokole, wewe alhaji, unaendesha kama mtu aliyetoka baa. Na hapo nimehesabu kwamba usiku wa kabla ulilala vizuri, na sote tunajua hukulala vizuri.

Sasa kuna hii kitu ya kupitiwa. Mtu anapitiwa na usingizi sekunde mbili, tatu, nne, wakati mwingine macho yako wazi kabisa, ukimwangalia unaona anaangalia barabara lakini ubongo wake umezima, haoni, hasikii. Basi likiwa spidi 80 linakula mita 22 kila sekunde, kwahiyo sekunde nne ni karibu mita 90 gari linakwenda lenyewe na watu wote wale ndani. Ndo maana ajali za namna hii mara nyingi hukuti alama ya breki barabarani, mtu hakufunga breki kwa sababu hakuwepo. Kama umewahi kupita kibao ukajikuta hukumbuki umefikaje pale, au tairi za kushoto zimegusa changarawe ndo ukashtuka, jamani, hiyo haikuwa mawazo mengi, hapo ulishalala. Ukishaona hivyo safari yako imefika mwisho mpaka ulale kwanza, hakuna kusema ngoja nifike Mikumi nitapumzika.

Najua mtu anawaza, sista mimi nimezoea, mimi masaa manne yananitosha, nina miaka ishirini barabarani. Hapa ndo pagumu kuliko sehemu zote na naomba mnisikilize kwa utulivu. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliolazwa masaa manne, wengine sita, wengine nane kila usiku kwa siku 14 mfululizo. Wale wa masaa sita, na masaa sita wengi wetu tunayaona mengi tu, baada ya hizo wiki mbili walikuwa wanachelewa na kukosea kama mtu aliyekesha usiku mzima, wa masaa manne ndo usiseme. Na walipoulizwa mnajisikiaje wakasema kausingizi kapo kidogo lakini tuko sawa. Uwezo wao ulikuwa unashuka kila siku huku wenyewe wanaona wameshazoea. Yaani kinachozoea ni hisia ya kuchoka, ubongo wenyewe hauzoei. Kwahiyo ukiniambia "mimi najijua", kaka yangu, kwenye usingizi mtu hajijui, kile kiungo ambacho ungejipimia nacho ndo kilichochoka. Ndo maana nasema ujasiri hausaidii hapa na uzoefu hausaidii, mzee wa miaka hamsini na kijana wa juzi wote wanasinzia sawa.

Na tiba zenu za barabarani nazijua. Dirisha unashusha upigwe na upepo, muziki unaongeza mpaka abiria wanalalamika, unajimwagia maji, unatafuna pilipili, unapiga simu kwa mtu akupigie stori. Kuna watafiti wa chuo cha Loughborough kule Uingereza, Jim Horne na Louise Reyner, wao miaka mingi kazi yao ilikuwa dereva na usingizi, wakajaribu mpaka hivyo vya upepo baridi na redio kwa madereva waliokosa usingizi, wakakuta nafuu yake ni ndogo na ya dakika chache tu, inakutosha kutafuta sehemu salama ya kusimama basi. Kitu walichokuta kinasaidia kweli ni rahisi mpaka watu wanakidharau: simama, kunywa kahawa, alafu hapohapo lala dakika 15. Kahawa inachukua kama nusu saa hivi kufika kichwani, kwahiyo ukiamka kale kausingizi kamefanya kazi yake na kahawa ndo inaanza ya kwake. Usilale saa nzima kama unataka kuondoka mara moja, maana utaamka na mang'amung'amu, kichwa kizito, na hapo kwenye uzito wa kuamka kuna hatari yake nitaieleza nikifika kwa dereva wa pili. Lakini hako ka dakika 15 kanakufikisha sehemu ya kulala, hakakufikishi Tunduma.

Hivi vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, na mirungi kwa wanaotafuna kwa kujificha, niwaeleze vinavyofanya kazi. Ukiwa macho kuna kemikali inajikusanya kwenye ubongo inaitwa adenosini, kila saa inaongezeka, na hiyo ndo inayokuletea uzito wa macho. Ukilala inapungua. Kafeini ikiingia inakwenda kukaa pale adenosini inapotakiwa kukaa, basi ubongo hausikii kwamba umechoka, lakini adenosini haijaondoka, ipo na inazidi kujaa. Ni kama taa ya mafuta imewaka kwenye dashibodi na wewe umechukua gundi ya karatasi ukaifunika. Kafeini ikianza kuisha ule usingizi wote unakudondokea kwa mpigo na mara nyingi ni alfajiri uko kwenye mlima au kona. Alafu kafeini inakaa mwilini, baada ya masaa matano sita nusu yake bado ipo, kwahiyo kopo la saa nne usiku ndo linalokufanya ukifika nyumbani ujigeuze kitandani hupati lepe la usingizi, kesho yake unahitaji makopo mawili. Mirungi ni mbaya zaidi maana mbali na kwamba hapa kwetu sheria inakataza, moyo unakwenda mbio na presha inapanda, na mtu anapata kiburi cha kuona anaweza. Na wakati tuko hapohapo: ukiwa na mafua usimeze Piriton ukaingia kwenye usukani. Hiyo dawa inalaza, kila mtu hapa anajua inalaza, mama anampa mtoto analala fofofo, alafu dereva wa basi anameza mbili pale stendi kwa sababu pua inamsumbua. Ukienda duka la dawa sema mimi ni dereva, nipe isiyolaza, zipo.

Kuna masaa ambayo mwili unataka kulala hata kama jana ulilala. Usiku kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, na mchana kuanzia saa nane mpaka saa kumi, ule muda ambao umekula wali wako maharage na jua limetulia. Watu wanasema ni chakula, chakula kinachangia, lakini hata usipokula mteremko huo upo, kwa sababu ndani yetu kuna saa. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi hiyo saa inavyozunguka ndani ya seli, na waliianzia kwa vinzi vidogo vile vinavyokaa kwenye ndizi zilizoiva. Ikiwa nzi ana saa basi wewe unayo. Na saa hiyo inafuata mwanga wa jua, haifuati ratiba ya kampuni, ndo maana mtu anaweza kufanya zamu ya usiku miaka kumi na bado saa kumi usiku mwili unamwambia lala.

Nasema hivi kwa sababu tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku baada ya katazo la miaka mingi, na mimi sipingi, najua abiria wamefurahi, mtu anapanda usiku Dar asubuhi yuko kwenye shughuli zake anaokoa hela ya gesti. Lakini ina maana sasa hivi kuna madereva wengi zaidi wako njiani kwenye yale masaa mabaya, na kifaa cha LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mabasi kinaona spidi, kinaona gari liko wapi, hakioni macho ya dereva. Hapo lazima sisi wenyewe tuone.

Tuache barabara kidogo, tuongelee mwili, maana usingizi hauuwi kwa ajali peke yake, na kusema kweli kwenye kliniki ya presha na sukari nakutana na madereva wengi kuliko ninavyokutana nao kwenye ajali. Mtu akilala presha inashuka, kwa kawaida asilimia 10 mpaka 20 chini ya ile ya mchana, huo ndo muda moyo na mishipa inapumzika. Usipolala hushushi. Mwezi, mwaka, miaka kumi hushushi, alafu siku moja mkono wa kushoto unakufa ganzi na mdomo unakwenda upande, watu wanasema karogwa na mwenzake. Hajarogwa. Ni presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Sukari nayo hivohivo. Mwaka 1999 Chicago walichukua vijana 11, wazima kabisa, wakawalaza masaa manne tu kwa usiku sita, na mwisho wa wiki miili yao ilikuwa inashindwa kuondoa sukari kwenye damu kama kawaida, wanaanza kufanana na mtu anayeelekea kwenye kisukari. Vijana wazima, usiku sita! Na watu haohao wa Chicago baadaye wakaonyesha kwamba ukinyimwa usingizi homoni ya kukwambia umeshiba inashuka na ile ya njaa inapanda, ndo maana dereva aliyekesha akisimama anataka chipsi mayai na soda, hataki mboga, na akimaliza anataka tena. Mnanicheka lakini angalieni vitambi. Sio ulafi, mwili uliokosa usingizi unatafuta nguvu mahali pengine, unakaa umeketi masaa kumi, mafuta yanakwenda tumboni na shingoni.

Na jambo lingine wanaume mtaniwia radhi maana kuna mama zenu hapa. Njia nzima kutoka hapa mpaka Dar kuna vibao vya dawa za nguvu za kiume vimepigiliwa kwenye miti na nguzo za umeme, na najua wateja wakubwa ni nani. Mwaka 2011 kulitoka utafiti wa vijana kumi wenye afya, walilala masaa matano tu kwa siku nane, na homoni yao ya kiume ikashuka asilimia 10 mpaka 15. Kwahiyo kabla hujatoa elfu hamsini yako kwa mtu anayeuza unga wa mizizi usiojulikana, lala wiki mbili vizuri, kapime na sukari, maana sukari na presha pia zinaleta tatizo hilohilo, alafu ndo tuongee. Wala sio aibu kuja kuuliza, njoo ofisini tunafunga mlango.

Kuhusu kukoroma nataka nikae kidogo kwa sababu tunakuchukulia kama utani. Mtu mnene, shingo nene, anakoroma mpaka nyumba ya pili wanasikia, alafu ghafla kimya, hapumui, sekunde kumi, ishirini, mke anamshtua, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayetolewa kwenye maji, anaendelea. Huyo hajalala jamani. Nyama za koo zinalegea njia ya hewa inaziba, ubongo unalazimika kumwamsha nusunusu ili apumue, na inaweza kutokea mara nyingi sana kila saa usiku kucha bila yeye kujua. Asubuhi anaamka na kichwa kinauma, mdomo mkavu, anasema nimelala masaa tisa lakini nimechoka, na presha yake haishuki hata kwa dawa tatu. Akikaa kwenye usukani anasinzia saa nne asubuhi jua linawaka. Hii ina jina, kitaalamu wanaiita sleep apnea, na ina matibabu, ukipunguza uzito inapungua, ukilala ubavu inapungua, ukiacha pombe ya usiku inapungua, na hospitali kubwa kuna mashine ya kupuliza hewa puani usiku. Kwahiyo nyie kina mama, nyie ndo madaktari wa kwanza hapa. Yeye hajisikii akikoroma. Ukiona anakatika pumzi usimcheke wala usihamie chumba cha watoto tu ukanyamaza, mlete. Na zile bia mbili za "kupatia usingizi" ziacheni, pombe inakulaza haraka kweli ila inauvunjavunja usingizi wa alfajiri, na koo linalegea zaidi.

Kuna kijana aliniuliza wiki iliyopita, akasema sista mbona Wahadzabe hawana umeme wala simu na nasikia nao hawalali masaa nane? Ni swali zuri sana na amesikia kweli. Mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walitoa utafiti wa Wahadzabe wetu wa kule Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wakakuta wanalala usingizi wenyewe kati ya masaa 5.7 na 7.1. Lakini muda wanaokuwa wamejilaza, kimya, gizani, bila simu, ni masaa karibu saba mpaka nane na nusu, na wanaamka karibu wakati uleule kila siku. Na hawaendeshi basi. Kwahiyo sisemi masaa nane ni amri kutoka mbinguni, madaktari wa usingizi wanasema mtu mzima apate kuanzia saba, kijana wa sekondari nane mpaka kumi, na mmoja atatosheka na saba mwingine atataka nane na nusu. Ukiamka bila alamu, ukakaa mchana bila kusinzia, umepata yako.

Ila kuna utafiti mwingine wa haohao Wahadzabe wa mwaka 2017 ambao mimi naupenda zaidi. Walifuatilia watu wazima 33 wa kambi moja kwa siku 20, kila mmoja na kifaa mkononi, wakakuta kwamba katika muda wote huo ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati wowote wa usiku kuna mtu yuko macho, mzee kaamka mapema, kijana amechelewa kulala, mwingine ameshtuka anachochea moto. Hakuna aliyepangwa, inatokea tu kwa sababu umri tofauti una usingizi tofauti, na kambi inalindwa. Binadamu tumeishi hivyo zamani sana, wengine wanalala kwa sababu kuna mwenzao yuko macho. Basi lenye abiria wamelala na vichwa vimeegemea dirishani ni kitu kilekile, wamelala kwa sababu wanaamini wewe uko macho. Tofauti ni kwamba pale kambini aliyekaa macho usiku alipata zamu yake ya kulala, ila dereva wetu hapati.

Na hapa nageukia matajiri, nimefurahi kuona baadhi mmekuja. Mnasema gari lina madereva wawili kama inavyotakiwa kwenye safari ndefu. Sawa, wa pili analala wapi? Kwenye kiti cha konda pale mbele, magoti yamekunjwa, taa za magari zinampiga usoni, anapiga stori na mwenzake njia nzima ili mwenzake asisinzie, alafu saa tisa usiku anaambiwa haya pokea. Huyo hajapumzika, mna madereva wawili waliochoka. Wekeni siti mbili nyuma zisizouzwa, alale kabisa, na akiamshwa apewe dakika 20 za kunawa na kuzinduka kabla hajashika usukani, maana mtu aliyetolewa usingizini ghafla kwa hizo dakika za mwanzo anaweza kuwa mbovu kuliko yule aliyechoka. Na dereva akipiga simu akasema nimesimama nimeshikwa na usingizi, maneno ya kwanza yatakayotoka mdomoni mwako ndo yatakayoamua kama kesho atasimama tena. Ukimkata posho siku hiyo umewafundisha madereva wako wote kwamba wasinzie kimyakimya.

Malori mna shida yenu nyingine na nimeisikia vizuri. Kitanda mnacho nyuma ya siti lakini hamkilalii kwa amani, ukilala wezi wanakunyonya dizeli, ukiamka tenki tupu tajiri anakukata wewe. Na pale foleni ya mpakani Tunduma inasogea gari moja usiku, ukilala unarukwa. Yaani dereva anafika Zambia ana siku tatu za usingizi wa dakika arobaini arobaini, na ndo kwanza Lubumbashi iko mbele. Hilo dereva peke yake haliwezi, linahitaji maegesho yenye walinzi na taa, na vyama vyenu viliseme kila mnapokutana na serikali, semeni kama mnavyosema bei ya mafuta. Marekani shirika moja la usalama barabarani lilitoa taarifa mwaka 2016 kwamba dereva aliyelala masaa manne mpaka matano tu ana uwezekano wa ajali zaidi ya mara nne ya aliyelala saba. Hizo ni hesabu za kupeleka mezani. Na mkilala kwenye kabini fungeni kachandarua dirishani, mbu wa malaria anauma usiku haohao.

Vijana wa boda kwenu nina neno moja tu, yule anayepiga mchana boda na usiku boda ili amalize mkataba haraka. Najua hesabu ya tajiri haisubiri. Gawaneni pikipiki wawili, mmoja mchana mmoja usiku, kuna wenzenu wanafanya hivyo na hela haipungui kama mnavyoogopa. Basi lina bodi, nyie bodi yenu ni kifua.

Anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, nyumbani mumsaidie. Mchana bati linawaka, watoto wanapiga kelele, jirani anakuja kudai mchango. Kitenge kizito mara mbili dirishani mpaka chumba kiwe giza, simu iachwe kwa mke na iwe imezimwa kabisa, aoge maji ya baridi kabla ya kulala, na watoto waambiwe baba yuko kazini, kwa sababu yuko kazini kweli. Asianze kwenda shamba kwanza au kushinda kijiweni alafu alale saa tisa mchana wakati saa moja jioni anatakiwa stendi.

Nimeongea sana na naona gari la Mbeya limeanza kupakia. Mashine za presha ziko mbili pale chini ya hema la bluu, na kipimo cha sukari kipo, bure, haichukui dakika tano. Waanze wanaoondoka saa hizi, alafu wa usiku, boda mtasubiri kidogo. Kwenye karatasi kuna swali la masaa uliyolala jana na juzi, andika ya kweli, haliendi kwa tajiri, linabaki kwangu. Na yule kaka uliyenyoosha mkono kuuliza habari ya kukoroma, njoo na namba ya simu ya mkeo, nitaongea naye yeye.